Uingizaji wa rekodi za katalogi ya maktaba

Uingizaji wa rekodi za katalogi ya maktaba ni kazi ya kuhamisha kwa wingi maelezo ya vitabu na machapisho mengine hadi kwenye programu ya kompyuta inayosimamia maktaba. Chanzo chake kinaweza kuwa rejista ya vitabu, lahajedwali, programu ya zamani au katalogi ya maktaba nyingine.

Kazi hii humwondolea mkutubi mzigo wa kuandika upya maelezo ya kila kitabu. Lakini kosa moja la maandalizi hurudiwa na kompyuta katika maelfu ya rekodi kwa dakika chache. Kitabu ambacho rekodi yake imeharibika hakipatikani kwa kutafuta hata kama kipo rafuni. Kwa msomaji ni sawa na kitabu kilichopotea. Kwa sababu hiyo uingizaji hufanywa kwa hatua, na kila hatua hukaguliwa kabla ya kuanza inayofuata.

Historia

Desturi ya maktaba kutumia maelezo yaliyoandaliwa na maktaba nyingine ilianza kabla ya kompyuta. Mwaka 1901 Maktaba ya Bunge la Marekani ilianza kuziuzia maktaba nyingine kadi za katalogi zilizochapwa.

Katika miaka ya 1960 Henriette Avram, mtaalamu wa programu za kompyuta katika maktaba hiyo, aliongoza kazi ya kubuni muundo wa rekodi unaosomeka na mashine, unaojulikana kwa kifupi kama MARC. Majaribio yalianza mwaka 1966, na mwaka 1969 rekodi zilianza kusambazwa kwa kanda za sumaku. Mwaka 1973 muundo wa kubebea rekodi hizo ulikubaliwa kimataifa kwa jina la ISO 2709. Mwaka 1999 miundo ya Marekani na Kanada iliunganishwa kuwa MARC 21.

Kati ya programu zinazopokea rekodi za aina hii ni Koha, programu huria iliyotengenezwa New Zealand na kuanza kutumika mwaka 2000. Jina lake ni neno la Kimaori lenye maana ya zawadi. Kwa kuwa hupatikana bila malipo ya leseni, hutumika pia katika maktaba kadhaa za vyuo vya Afrika Mashariki.

Muundo wa rekodi

Rekodi ya MARC 21 ina sehemu tatu: kichwa chenye herufi 24, orodha inayoonyesha kila uga ulipo, na nyuga zenyewe. Kila uga hutambuliwa kwa namba ya tarakimu tatu. Baadhi ya nyuga zinazotumika sana ni hizi:

- 008: taarifa fupi kwa msimbo, pamoja na lugha ya kitabu; msimbo wa Kiswahili ni "swa"
- 020: ISBN
- 082: namba ya uainishaji wa Dewey, fasihi ya Kiswahili ni 896.392
- 100: mwandishi mkuu
- 245: jina la kitabu
- 264: mahali, mchapishaji na mwaka (260 katika rekodi za zamani)
- 650: mada
- 952: katika Koha, taarifa za kila nakala, kama tawi, msimbopau na namba ya rafu

Rekodi ya kitabu si sawa na taarifa za nakala. Shule yenye nakala 40 za kitabu kimoja inahitaji rekodi moja yenye nakala 40, si rekodi 40. Rejista nyingi huwa na mstari mmoja kwa kila nakala, hivyo mistari ya kitabu kimoja hukusanywa pamoja kabla ya kuingizwa.

Hatua za kazi

1. Kukagua chanzo. Mkutubi huhesabu mistari yote na kuchagua michache, kisha huilinganisha na vitabu vilivyomo rafuni. Idadi hiyo hutunzwa ili ilinganishwe na matokeo ya mwisho.

2. Kusafisha. Tahajia za majina ya wachapishaji na miji husawazishwa. Katika lahajedwali, safuwima za ISBN na msimbopau huwekwa kuwa maandishi tangu mwanzo. Zikiachwa kuwa namba, ISBN yenye tarakimu 13 inaweza kugeuka kuwa kitu kama 9.78997E+12, na sifuri ya mwanzo katika ISBN ya tarakimu 10 hupotea.

3. Kupanga ulinganifu. Kila safuwima hupewa uga wake: jina la kitabu huenda 245, mwandishi 100, na kadhalika. Mpango huu huandikwa ili mtu mwingine aweze kuurudia.

4. Kugeuza faili. Programu kama MarcEdit, iliyotengenezwa na Terry Reese, hugeuza lahajedwali kuwa faili la MARC.

5. Kutayarisha mfumo. Misimbo ya matawi na ya aina za machapisho lazima iwe imeshawekwa katika programu inayopokea. Nakala ya akiba ya hifadhidata yote hufanywa.

6. Kujaribu. Rekodi chache, kwa mfano 20 au 50, huingizwa kwanza. Kila moja hufunguliwa na kutafutwa kwa jina la kitabu, mwandishi na ISBN.

7. Kuingiza na kuhakiki. Katika Koha rekodi huwekwa kwanza mahali pa kusubiri, ambako mkutubi huzikagua kabla hazijaingia katika katalogi. Kundi lililokwisha kuingizwa linaweza pia kubatilishwa. Mwishowe idadi ya rekodi na nakala hulinganishwa na ile ya hatua ya kwanza.

Kwa vitabu vichache, njia rahisi zaidi ni kuchukua rekodi moja moja kutoka katalogi za maktaba nyingine kwa kutumia itifaki ya Z39.50.

Rekodi zilizojirudia

Programu huamua kama kitabu tayari kimo katika katalogi kwa kufuata kanuni za ulinganishi. Mkutubi huchagua rekodi ikifanana na iliyopo ifanyiwe nini: ichukue nafasi ya ile ya zamani, iongezwe, au iachwe. Kuchagua "ichukue nafasi" bila uangalifu kunaweza kufuta mada na maelezo yaliyoandikwa kwa miaka mingi.

ISBN ndiyo hutumika zaidi katika ulinganishi, lakini haitoshi peke yake. Vitabu vilivyochapwa kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 havina ISBN, na juzuu kadhaa za kitabu kimoja zinaweza kuandikwa ISBN moja ya seti. Jina la kitabu nalo halitoshi: kitabu cha mwanafunzi na kiongozi cha mwalimu vinaweza kuwa na jina lilelile.

Herufi na majina

Rekodi za zamani huenda zimehifadhiwa kwa msimbo wa herufi wa MARC-8, ilhali mifumo ya leo hutumia Unicode. Herufi "a" katika nafasi ya 09 ya kichwa huonyesha kwamba rekodi ni ya Unicode. Alama hiyo isipolingana na maandishi yaliyomo, herufi zenye alama huharibika. Kwa kuwa Kiswahili huandikwa kwa herufi za Kilatini zisizo na alama, jaribio la vitabu vya Kiswahili pekee haliwezi kufichua kosa hili. Kundi la majaribio linafaa liwe pia na vitabu vya Kifaransa au Kiarabu.

Kiswahili nacho kina tatizo lake: alama ya ritifaa katika maneno kama "ng'ombe" huandikwa wakati mwingine ikiwa imenyooka na wakati mwingine ikiwa imepinda. Mifumo mingine huyachukua kuwa maneno mawili tofauti, kwa hiyo huchaguliwa alama moja itakayotumika katika rekodi zote.

Vivyo hivyo, Shaaban Robert akiandikwa "Robert, Shaaban" katika rekodi moja na "Shaaban Robert" katika nyingine, vitabu vyake hugawanyika kana kwamba ni vya waandishi wawili. Maktaba huepuka hali hiyo kwa kutunza orodha ya majina yaliyoidhinishwa na kuyasawazisha kabla ya kuingiza rekodi.