Korona kali kwa watoto wachanga

Korona kali kwa mtoto mchanga ni maambukizi ya virusi vya korona yanayoshuka hadi mapafuni na kumfanya mtoto wa chini ya mwaka mmoja ahitaji oksijeni, hata kama alizaliwa na uzito mzuri na hana maradhi mengine. Ni nadra. Watoto wengi wanaoambukizwa hupata mafua, homa na kikohozi cha siku chache, wakapona nyumbani.

Virusi hivi havikuanza mwaka 2020. Aina nne huzunguka miongoni mwa watu miaka yote. Mojawapo, NL63, ilitangazwa mwaka 2004 baada ya kupatikana kwa mtoto wa miezi 7 nchini Uholanzi aliyebanwa kifua. Hapa Kenya, watafiti wa afya wa KEMRI na Wellcome Trust mjini Kilifi wamepata baadhi ya aina hizo puani mwa watoto. Kisa cha kwanza cha korona mpya, yaani COVID-19, kilitangazwa nchini tarehe 13 Machi 2020. Juni 2021, wimbi la aina ya korona iitwayo Delta lilipopanda, kaunti za chai za Kericho na Bomet ziliingizwa katika kaunti 13 zilizowekewa kafyu ya saa moja jioni hadi saa kumi alfajiri.

Kwa nini mtoto mwenye afya azidiwe? Njia zake za hewa ni nyembamba mno, na uvimbe kidogo tu pamoja na kamasi huziba nafasi kubwa. Tena hupumua zaidi kwa pua: pua ikiziba, hunyonya mara mbili tatu, akaachia titi na kulia. Nyanda za chai zina mambo yake. Mji wa Kericho uko karibu mita 2,000 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na hata mtoto mzima huonyesha oksijeni iliyo chini kidogo kuliko wa Mombasa. Mvua na baridi huwakusanya watu ndani, na katika nyumba za wafanyakazi wa mashamba ya chai, ziitwazo laini, palipo na jiko la kuni, moshi huongeza shida.

Dalili huonekana kwa macho, ila blanketi huzificha. Muuguzi hulifungua, hupandisha fulana, akangoja mtoto atulie, kisha huhesabu pumzi kwa dakika nzima. Pumzi 60 au zaidi kwa aliye chini ya miezi 2, au 50 na zaidi kwa wa miezi 2 hadi 11, ni za kasi mno. Kifua kinachobonyea chini ya mbavu, mguno kila anapotoa pumzi na midomo ya samawati ni hatari zaidi. Korona haitofautishwi na maambukizi ya virusi vya RSV au nimonia nyingine kwa kuangalia tu. Hiyo ni kazi ya maabara.

Tiba kuu ni oksijeni kwa mrija wa puani, na maziwa kwa mrija wa tumboni asipoweza kunyonya. Antibiotiki haziui virusi. Mama mwenye korona huendelea kunyonyesha, akiwa amevaa barakoa na kunawa mikono. Aliye chini ya miezi 6 hapewi chanjo ya korona. Kinga yake hutoka kwa mama aliyechanjwa au aliyewahi kuugua.

Mtoto wa chini ya miezi 2 mwenye homa, au aliyekataa titi, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, hata kama mvua inanyesha.