George Lilanga (1934–2005): Mchoraji wa Mashetani Wenye Sura ya Jirani

Swali moja hurudi mara kwa mara katika mazungumzo ya waamini wetu, hasa wale waliojenga nyumba mpya hapa Dodoma na wanaotafuta cha kutundika ukutani: je, inafaa nyumba ya Mkristo iwe na picha au kinyago kiitwacho “shetani”? Anayeuliza mara nyingi ameona kazi hizo katika maduka ya vinyago, viumbe wenye macho ya kutokeza, masikio mapana, midomo mikubwa na matumbo ya mviringo, akavutwa na rangi zake na papo hapo akashtushwa na jina lake. Hatuwezi kumjibu vema bila kumfahamu mtu aliyewapa viumbe hao sura inayojulikana leo duniani kote. Mtu huyo ni George Lilanga, Mmakonde, mchongaji na mchoraji, ambaye maisha yake yaliguswa kwa karibu na kazi ya mtawa mmoja wa Kanisa Katoliki.

Lilanga alizaliwa mwaka 1934 katika kijiji cha Kikwetu, kusini mwa Tanzania. Wamakonde wengi wa upande huu wa Ruvuma wana asili ya Msumbiji. Walivuka mto kwa vizazi kadhaa, wengine wakitafuta kazi katika mashamba ya mkonge, wengine wakikimbia ukali wa utawala wa Wareno na, baadaye, vita vya ukombozi. Walivuka na ufundi wao wa kuchonga. Inasimuliwa kwamba George, kama watoto wengi wa kabila lake, alijifunza kwa kuchonga mizizi ya muhogo, ambayo ni laini na haina hasara ikiharibika, kisha akapanda hadi kwenye miti laini, na hatimaye kwenye mpingo, mti mgumu unaompima fundi subira na jicho.

Hapa hatuna budi kueleza neno lenyewe. Katika mafundisho ya Kanisa, Shetani ni malaika aliyeumbwa mwema na Mungu, akaasi kwa hiari yake. Katika Kiswahili cha watu, hata hivyo, neno “shetani” limebeba pia maana nyingine nyingi: pepo, zimwi la porini, kiumbe kisichoeleweka kinachosumbua wapita njia, hata mtoto mtundu. Wafanyabiashara na wachongaji wa Dar es Salaam walipoanza kuuita “shetani” mtindo mpya wa uchongaji wa Kimakonde katika miaka ya 1950, walichukua maana hiyo ya pili. Mtindo huo huhusishwa na mchongaji Samaki Likankoa. Husimuliwa kwamba kinyago chake kimoja cha umbo la mtu kilivunjika mkono akiwa kazini, naye badala ya kukitupa akakigeuza kiwe kiumbe cha ajabu, na mnunuzi akakipenda. Iwe ilitokea hivyo hasa au la, simulizi hilo linafaa kukumbukwa, kwa kuwa linaonyesha sanaa hii ikianza kwenye kiungo kilichovunjika. Hakuna ibada iliyohusika hapo. Vinyago vya mapiko, vinavyovaliwa katika ngoma za jando, ni jambo jingine kabisa, nao Wamakonde wenyewe hawavichanganyi na vile vya kuuza.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Lilanga aliingia Dar es Salaam. Ilikuwa miaka ileile ambayo Taifa liliamua kuhamishia makao makuu yake huku kwetu Dodoma, na mji ule wa pwani ulikuwa umejaa vijana waliotoka mikoani bila kazi wala mtaji. Yeye hakuwa kijana tena. Alikuwa mtu wa karibu miaka arobaini, fundi ambaye ufundi wake haukumtosha kula.

Mwaka 1972 Sista Jean Pruitt, mmarekani wa Shirika la Masista wa Maryknoll, alianzisha Nyumba ya Sanaa, mahali ambapo wasanii wasio na uwezo wangepata vifaa, nafasi ya kufanyia kazi na wanunuzi. Miongoni mwa waliofanya kazi hapo walikuwa Robino Ntila, Patrick Imanjama na Augustino Malaba. Malaba alikuwa mjomba wa Lilanga, na ni yeye aliyemwombea nafasi. Nafasi iliyopatikana haikuwa ya msanii, ilikuwa ya mlinzi wa usiku.

Tunapenda kukaa kidogo kwenye jambo hili. Wengi wetu tunaandika habari za utume wa Kanisa tukihesabu shule, zahanati na visima, na ni sawa, kwa kuwa watu wanahitaji maji na dawa. Lakini hapa alikuwapo mtawa aliyekuwa tayari kutazama alichokichonga mlinzi wake. Lilanga alianza kuonyesha kazi zake, nazo zikapokelewa, na kutoka lindoni akahamia kwenye meza ya kazi. Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Liturujia Takatifu ya mwaka 1963, ulikuwa umekwisha kusema kwamba Kanisa halikuchukua mtindo wowote mmoja wa sanaa kuwa wake pekee, bali limekubali namna za kila zama na kila taifa. Hati hiyo ilizungumzia sanaa ya ibada, na Lilanga hakuwa mchoraji wa makanisa. Hata hivyo ni vigumu kudhani kwamba mtawa aliyelelewa katika kizazi cha Mtaguso angeona aibu kwa sababu tu viumbe wa Mmakonde huyu hawakufanana na sanamu za Ulaya.

Katika Nyumba ya Sanaa mtindo wake ulibadilika kwa namna ambayo kuchonga peke yake kusingeiruhusu. Alijifunza kuchora kwa wino, kutia rangi batiki, kupaka ngozi za mbuzi, na kuchora kwenye mabamba ya zinki yanayoumwa na tindikali kisha kuchapwa juu ya karatasi. Kila kifaa kilimfundisha kitu. Mpingo ni mweusi na mzito. Humlazimisha mchongaji kufuata umbo la gogo, na viumbe wake wa awali bado wana kitu cha kutisha, kama vivuli vya porini. Wino uliwatoa ndani ya gogo. Juu ya karatasi waliweza kukimbia, kuinama, kupanda mabegani mwa wenzao, kuning’inia pembeni. Baadaye aliporudi kwenye mti alichagua mti mwepesi na kuupaka rangi, jambo ambalo wapenzi wa mpingo waliliona kama uharibifu, na sisi hatukubaliani nao.

Mwaka 1978 kazi zake zilionyeshwa mjini Washington, Marekani, katika maonyesho ya wasanii wa Kiafrika, na kutoka hapo jina lake likaanza kutajwa nje. Wapo wanaodai kwamba Mmarekani Keith Haring alijifunza kwake. Huenda, lakini madai hayo huturudisha katika tabia ya kumpima msanii wetu kwa mtu wa kwao, nayo hatuyahitaji hapa.

Badiliko kubwa zaidi lilifuata alipoingia kwa nguvu katika uchoraji wa rangi. Alichukua vifaa vilivyokwisha kuzoeleka na wachoraji wa Tingatinga, yaani rangi za kung’aa za madukani, zile zinazopakwa baiskeli, na hadibodi, mbao zile nyembamba za kufungia dari. Lakini Tingatinga na wafuasi wake walipenda mnyama mmoja au ndege wawili katikati ya uwanja mtulivu. Lilanga alijaza ubao wote. Katika picha zake za miaka ya 1990 hakuna nafasi tupu: mikono inaingia chini ya miguu ya wengine, vichwa vinagusana, na hata uwazi mdogo uliobaki umejazwa madoa na mistari. Viumbe wana vidole viwili au vitatu, lakini wamevaa mashati na magauni yenye maua, wanatwanga, wanabeba maji, wanapiga ngoma, wanakunywa, wanateta, wanabeba watoto. Mara nyingi kazi ilipewa jina la Kiswahili lenye urefu wa sentensi nzima, kama maneno ya jirani anayepita na kueleza kinachoendelea.

Hapo ndipo jibu la swali letu linapoanza kuonekana. Viumbe wa kutisha wa porini walikuwa wamehamia mtaani. Mchoraji hakuwapendezesha, aliwaacha na maumbo yao yaliyopinda, matumbo na midomo yao, kisha akawapa shughuli za watu na akawatazama bila dharau. Ni vigumu kumkuta kiumbe wa Lilanga aliye peke yake. Aliye mbaya wa sura anashikwa mkono na mwingine aliye mbaya wa sura vilevile. Msomaji anayekumbuka jinsi nabii Isaya anavyomweleza Mtumishi wa Bwana, ambaye sura yake iliwafanya watu wamfiche uso, hatashangaa tukisema kwamba mtazamo huo una ujamaa na Injili, hata kama mwenyewe hakukusudia kufundisha dini.

Huku kwetu uwanda wa kati, tusijifanye wageni wa maumbo kama hayo. Kaskazini ya Kondoa, kando ya barabara kuu iendayo Babati, majabali ya Kolo yana michoro ya rangi nyekundu ya watu warefu, wembamba, wenye vichwa vipana kupita kiasi, iliyotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006. Waliowachora hawakuwa na lengo la kupiga picha ya pasipoti. Kurefusha mwili wa mtu au kupanua kichwa chake ni lugha ya zamani katika nchi hii, na si kila umbo lisilo la kawaida ni pepo.

Mwili wa Lilanga mwenyewe ulianza kumwangusha. Alikuwa mgonjwa wa kisukari. Ugonjwa huu, sukari ikikaa juu katika damu kwa muda mrefu, huharibu mishipa ya fahamu na ya damu, hasa ya miguu. Mgonjwa hasikii jeraha dogo, jeraha halipati damu ya kutosha kupona, na mwisho nyama hufa. Katika miaka yake ya mwisho Lilanga alikatwa miguu. Mtu aliyeishi kwa kuzunguka gogo na patasi, akisimama na kuchuchumaa, akawa mtu wa kuketi.

Hakuacha kazi. Alitegemea zaidi mchoro, na zaidi wasaidizi wake, wengi wao ndugu na vijana aliokuwa amewafundisha, waliojaza rangi katika maumbo aliyoyapanga yeye. Tuseme wazi kwamba utaratibu huo ulileta matatizo. Soko lilitaka Lilanga wengi, na baadhi ya kazi zilizotoka zina ubaridi wa kitu kilichorudiwa. Anayenunua leo hana budi kuuliza kwa makini picha imetoka wapi. Wapo wakosoaji wanaoona hapo uroho wa biashara tu. Sisi tunaona pia jambo jingine: mgonjwa asiye na miguu ambaye meza yake ililisha nyumba kadhaa, na ambaye aliruhusu mikono ya wengine iingie katika kazi yake kama ile mikono ya kwenye picha zake. Mtakatifu Yohane Paulo II, katika Waraka wake juu ya mateso ya binadamu wa tarehe 11 Februari 1984, alihitimisha mafundisho yake kwa Msamaria Mwema, akieleza kwamba mateso yapo pia ili kuamsha upendo. Kwa kawaida tunamfikiria mgonjwa kama yule aliyelala kando ya njia. Katika karakana ya Lilanga aliyelala ndiye aliyekuwa akiwapa wengine kazi.

Katika parokia zetu wapo waliokatwa mguu kwa kisukari. Wengi wao hawaonekani tena Misani. Hukaa chumba cha nyuma, familia ikiwatunza kwa uaminifu na kuwaficha kwa aibu, na hakuna anayewauliza kama bado wanaweza kushona, kufundisha katekisimu, kusuka mkeka au kutunza hesabu za jumuiya. Viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo wanaweza kuanza kwa kuuliza hivyo wanapopeleka Komunyo pamoja na mhudumu.

Kuhusu picha ya ukutani, basi: anayeona katika jina lake kikwazo cha dhamiri, au anayejua kwamba itamsumbua jirani aliyetoka karibuni kwa waganga, asiitundike, na asilazimishwe. Anayeitazama na kuona watu wanaobebana, aitundike. Jambo asilopaswa kufanya ni kuitumia kama kinga au hirizi, na onyo hilo linahusu pia baadhi ya namna tunavyotumia medali na rozari.

Mwaka 2004 kazi za Lilanga zilikuwamo katika maonyesho makubwa ya sanaa ya Afrika yaitwayo Africa Remix, yaliyoanzia Düsseldorf, Ujerumani, yakaenda London, kisha Paris. Yalikuwa bado Paris mchoraji alipofariki dunia Dar es Salaam, tarehe 27 Juni 2005. Yaliendelea hadi Tokyo na Stockholm, na mwaka 2007 yakafika Johannesburg. Mjukuu wake, Hendrick Lilanga, ni mchoraji pia, na viumbe wake bado wana masikio mapana na vidole vichache.