Mwenye kisukari asiache dawa anapopatwa na homa ya mafua

WENGI huichukulia homa ya mafua kuwa maradhi madogo yanayopita yenyewe baada ya siku chache. Kwa mwenye kisukari, maradhi hayo yaweza kumlaza hospitalini, hasa akiacha dawa kwa sababu hana hamu ya kula.

Mwili unapopambana na virusi hutoa homoni zinazolifanya ini kumwaga sukari katika damu na kuipunguzia insulini nguvu. Kwa hivyo, sukari huweza kupanda hata kama mgonjwa hajatia tonge kinywani. Anayetegemea insulini akiiacha, mwili huanza kuyeyusha mafuta, na damu hujaa tindikali ziitwazo ketoni. Hali hiyo huua.

Isitoshe, sukari nyingi hudhoofisha chembechembe nyeupe za damu na kuipa nimonia nafasi. Mwaka 2009, virusi vya H1N1 viliposambaa duniani, wenye kisukari walikuwa miongoni mwa waliougua vibaya zaidi.

Kinga kuu ni chanjo. Hutolewa kila mwaka kwa kuwa virusi hubadilika, na huchukua takriban majuma mawili kuanza kufanya kazi barabara. Chanjo ya sindano haina virusi hai, hivyo haiwezi kumwambukiza mtu homa hiyo. Nchini Kenya virusi hivi huonekana karibu mwaka mzima. Hakuna haja ya kungoja baridi ya Julai.

Anayeugua apime sukari kila baada ya saa nne hivi na kunywa maji mara kwa mara. Asipoweza kula, anywe uji au supu kidogo kidogo. Kipimo cha insulini huenda kikahitaji kubadilishwa, lakini kwa ushauri wa daktari. Baadhi ya tembe, kama vile metformin, huenda zikasimamishwa kwa muda iwapo mgonjwa anatapika na kupungukiwa na maji. Uamuzi huo pia ni wa daktari. Kabla ya kununua dawa ya kikohozi, amweleze mwuza dawa kwamba ana kisukari, kwani nyingine zina sukari.

Afikishwe hospitalini bila kukawia iwapo anatapika mfululizo, anahema kwa kasi, pumzi yake inanukia kama matunda, au amechanganyikiwa. Dawa za kupunguza makali ya virusi hufaa zaidi zikianzwa katika saa 48 za kwanza.