Kungoja Kivuko Likoni

Wahenga wetu walituachia methali mbili ambazo, zikiwekwa pamoja, huonekana kama ndugu waliokosana. Moja yasema, Subira yavuta heri. Ya pili yajibu, Ngoja ngoja huumiza matumbo. Ikiwa wataka kujua ni ipi isemayo kweli, msomaji mpenzi, shuka mteremko wa Likoni asubuhi, wakati wafanyakazi na wanafunzi wanapotaka kuingia mjini Mombasa, usimame katikati ya umati nawe uingoje feri. Hapo utazisikia methali zote mbili, na kila moja ina watu wake.

Mombasa ni kisiwa, na wengi wa wakazi wake hukaa katika bara linalokizunguka: Changamwe upande wa magharibi, Kisauni upande wa kaskazini, na Likoni upande wa kusini. Pande zote tatu zilitengwa na maji, na zote tatu zilijua taabu ya kungoja. Lakini historia haikuzitendea sawa. Upande wa Changamwe, reli iliyoanza kujengwa mwaka 1896 ilidai njia ya kuvukia Makupa; hivi leo pana daraja jipya lililofunguliwa mwaka 2022. Upande wa Kisauni, daraja la kuelea la Nyali lilifunguliwa mwaka 1931, na mwaka 1980 mahali pake pakachukuliwa na daraja la saruji. Hata Kilifi, mbali zaidi kaskazini, feri ilipumzishwa daraja lilipokamilika mwaka 1991. Feri ya Likoni, iliyoanza kazi mwaka 1937, ingali ikienda na kurudi.

Je, watu wa Likoni walikosa nini? Hawakukosa kitu, walipewa kitu kikubwa mno. Maji yaliyo mbele yao ni mkondo wa Kilindini, na jina lenyewe lataja kilindi, yaani maji yenye kina kirefu. Upana wake pale kivukoni ni nusu kilometa hivi tu, lakini meli kubwa za dunia hupita hapo kuingia bandarini. Daraja la chini lingekuwa ukuta mbele ya mlango wa bandari. Daraja la juu ladai urefu mkubwa na mali nyingi. Basi bahari ile ile iliyoipa Mombasa riziki ndiyo iliyoipa Likoni foleni. Meli ipitapo, feri husimama ikaipisha. Ndani ya meli ile huenda mna ngano au vyuma vya kupelekwa Uganda, Rwanda au mashariki ya Kongo. Mtu aliyesimama Likoni na kikapu chake hungoja kwa ajili ya watu ambao hatawaona maisha yake yote, nao hawajui kwamba amewangojea.

Wako watu wengine duniani wanaongoja kwa hiari, tena kwa kulipa. Tarehe 17 Julai 1955 bustani ya michezo iitwayo Disneyland ilifunguliwa Anaheim, katika jimbo la California, Marekani. Katika bustani za namna hiyo mtu aweza kusimama saa nzima, na pengine zaidi, ili apande kigari kitakachomzungusha dakika chache tu. Huvumilia kwa nini? Mwaka 1985 David Maister aliandika juu ya mambo ya foleni, akaonyesha kwamba saa ya ukutani na saa ya moyoni hazilingani. Anayengoja bila kazi huona muda mrefu kuliko mwenye jambo la kumshughulisha. Asiyeelezwa sababu huona muda mrefu kuliko aliyeelezwa. Na anayeona wengine wakipitishwa mbele yake bila haki huona muda mrefu kuliko anayetendewa haki. Wenye bustani walilijua hilo: wakaweka mabao ya kutaja dakika zilizobaki, wakapinda foleni ili urefu wake usionekane, wakapamba njia kwa picha na muziki.

Sasa linganisha, msomaji. Mgeni wa bustani akichoka, huondoka akanunua barafu tamu akaenda zake. Mtu wa Likoni akichoka, kazi yake iko ng'ambo, shule yake iko ng'ambo, na mara nyingine hata hospitali iko ng'ambo. Kuvuka kwenyewe huchukua dakika kama kumi. Kungoja huweza kuzidi hizo mara nyingi. Hata hivyo foleni ya Likoni ina heshima moja ambayo bustani haina. Disney huwauzia wageni nafasi ya kuwapita wenzao. Likoni, magari hulipa nauli, lakini aendaye kwa miguu huvuka bure. Mchuuzi wa samaki, karani wa afisi na mwanafunzi husimama bega kwa bega, wala hapana mwenye miguu awezaye kununua dakika ya mwenziwe.

Usidhani, hata hivyo, kwamba kungoja ni taabu ya miguu tu. Tarehe 29 Aprili 1994 feri iliyokuwa ikivuka kutoka Mtongwe, jirani ya Likoni, ilipinduka karibu na pwani, imebeba watu kupita uwezo wake. Watu 272 walikufa. Chombo kisichotosha huwafanya watu waogope kuachwa, na mwenye kuogopa kuachwa hupanda hata palipojaa. Vivyo hivyo, tarehe 27 Machi 2020, siku ya kwanza ya amri ya kutotoka nje usiku wakati wa maradhi ya korona, umati ulijaa kivukoni ukitaka kufika nyumbani kabla ya saa moja ya usiku. Polisi waliushambulia kwa virungu na moshi wa kutoa machozi. Watu wale waliadhibiwa kwa kuchelewa, na kilichowachelewesha kilikuwa foleni.

Hatua zimechukuliwa. Mwaka 2021 waendao kwa miguu walianza kupita katika daraja la muda la kuelea kutoka Liwatoni. Barabara ya Dongo Kundu, ambayo sehemu yake ya kwanza ilifunguliwa mwaka 2018, imeyapa magari njia ya kuzunguka mpaka pwani ya kusini bila kugusa kisiwa. Daraja kubwa la juu limo katika mipango. Kila hatua ni njema. Lakini kwa mtu asiye na gari, ambaye njia yake ni kutoka Likoni mpaka mjini, kuzunguka mbali hakumfai.

Turudi, basi, kwa methali zetu. Hazikukosana, kila moja ina mahali pake. Subira huvuta heri pale anayengoja ajuapo sababu ya kungoja kwake, ajuapo kwamba zamu yake haitaibwa, na kwamba atafika salama. Ngoja ngoja huumiza matumbo pale anayengojesha watu amekwisha kuwasahau. Katika nyinyi msomao ukurasa huu watatoka wahandisi, manahodha, makarani na madiwani. Siku moja foleni itasimama mbele ya meza yenu. Kila mtu aliyemo atakuwa amewakopesha kipande cha umri wake, na umri ni deni lisilolipika kwa fedha. Mkumbukeni mtu wa Likoni na kikapu chake, kisha fanyeni upesi.