Toponimia: Majina ya Mahali, kutoka Itwelele hadi Kisiwa cha Heard

Toponimia ni taaluma inayochunguza majina ya mahali: yametoka wapi, nani aliyatoa, kwa lugha gani, na yamegeukaje kadiri watu walivyoyapokezana. Neno hili lina asili ya Kigiriki, topos, yaani mahali, na onoma, yaani jina. Kiswahili kimelipokea kama kilivyopokea fonolojia na jiolojia, nami sina ugomvi nalo. Ugomvi wangu ni na "toponimu", wanavyoandika baadhi yetu wanapotaja jina moja la mlima au la mto. Hapo hatuhitaji mkopo. "Jina la mahali" linatosha, kwa sababu mahali panaweza kuwa kilele, kivuko, mwamba, mtaa, hata mti ambao watu hukutania chini yake. "Jina la eneo" halifai, maana eneo hutufanya tufikirie ukubwa na mipaka.

Katika majina ya mahali limo kundi moja linalostahili istilahi yake: jina la ukumbusho, yaani lile linalotolewa kwa heshima ya mtu au tukio. Ufipa, kusini-magharibi mwa Tanzania, inatufundisha vizuri maisha ya jina la namna hiyo. Pale stendi ya Sumbawanga, konda wa gari linaloteremka ziwani huita "Matai! Kasanga!" Hakuna abiria anayeulizia gari la Bismarckburg. Lakini ramani za Wajerumani za kabla ya Vita Kuu ya Kwanza zinaonyesha Bismarckburg papo hapo Kasanga, kando ya Ziwa Tanganyika. Wajerumani walijenga boma la kijeshi na kulipa jina la Otto von Bismarck, aliyekuwa chansela wao, mtu ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika. Mwaka 1916 Waingereza waliliteka boma hilo, na jina likaondoka pamoja na waliolileta. Kuta zake chakavu zingali Kasanga.

Upande wa pili wa uwanda wa juu wa Ufipa mambo yalikuwa hayo hayo. Mwaka 1880 Mskoti Joseph Thomson alifika Ziwa Rukwa akalibandika jina la Leopold, mfalme wa Ubelgiji. Jina hilo liliishi kwenye ramani za Ulaya, wakati wavuvi na wakulima wa bondeni waliendelea kutumia lao. Leo mkoa mzima unaitwa Rukwa.

Sasa tazama kusini kabisa mwa Bahari ya Hindi, ambako bahari inaanza kuwa ya barafu. Huko kuna Kisiwa cha Heard, milki ya Australia, kilichopewa jina la nahodha Mmarekani John Heard aliyekiona mwaka 1853. Sehemu kubwa ya kisiwa ni volkano hai iitwayo Big Ben, na kilele chake, chenye urefu wa meta 2,745, kinaitwa Mawson, kwa heshima ya Douglas Mawson aliyeongoza msafara uliofika hapo mwaka 1929. Jina hilo halina mpinzani. Wawinda sili waliwahi kupiga kambi kisiwani wakaondoka. Wenyeji hakikuwa nao, kwa hiyo hakuna aliyenyang'anywa neno lake. Hiyo ndiyo tofauti kati ya Mawson na Bismarckburg, na kwangu ndiyo kiini cha somo hili: tukikutana na jina la ukumbusho, kwanza tuulize kama kulikuwa na mtu pale wa kuulizwa.

Simaanishi kwamba kila jina la ukumbusho ni baya. Kilele cha Kilimanjaro, ambacho Hans Meyer alikiita kwa jina la Kaiser Wilhelm mwaka 1889, tulikipa jina la Uhuru. Nalo ni la ukumbusho, ila limetolewa na wenye mlima.

Sumbawanga lenyewe ni jina la aina nyingine. Wafipa husimulia kwamba maana yake ni "tupa uchawi". Wasimulizi wengi huishia kwenye uchawi, na mgeni hurudi kwao na kichekesho. Mimi naona lililo zito zaidi ni umbo: hili ni jina lenye kitenzi cha amri. Halielezi mlima wala mto. Linamwambia anayeingia nini aache nje. Majina kama hayo tuyaite majina-sentensi, tuyatenge na yale ya maelezo.

Karibu na mji kuna Milanzi, makao ya kale ya utawala wa Wafipa, chini ya mlima Itwelele. Simulizi zinasema wanawake wageni walifika wakati mfalme hayupo, wakakalia kiti chake, na utawala ukahamia ukoo wao. Mfalme wa kale akabaki na Milanzi na heshima yake ya kimila. Mwanaanthropolojia Roy Willis, aliyefanya utafiti Ufipa miaka ya 1960, aliandika "Milansi" na "Itweelele". Sisi tunaandika Milanzi na Itwelele. Irabu mbili zilikuwa zinaonyesha sauti inayovutwa, na tahajia yetu imeifuta. Mtu aliyelisoma jina hilo kwenye kibao tu hatalitamka kama bibi wa Milanzi anavyolitamka.

Kazi ya kuweka anwani za makazi, iliyoshika kasi mwaka 2022, imesimamisha vibao vya barabara hadi vijijini, na kila kibao kinadai jina. Mwenyekiti wa mtaa, kabla hujapeleka jina la mtu mashuhuri, waulize wazee njia hiyo, korongo hilo na kile kilima viliitwaje. Mwalimu wa Kiswahili, wape wanafunzi wako kazi ya kuandika majina hayo pamoja na lugha yake, msimulizi wake na matamshi yake. Daftari moja kwa kila kijiji linatosha kuanzia.