Ghorofa mpya mtaani: faida yake kwa wakazi hupimwaje?

Nguzo za zege zinapoanza kupanda mahali palipokuwa na nyumba za matofali ya kuchoma, swali la kwanza la majirani huwa ni kazi: nani ataajiriwa, na kwa muda gani? Kwa wasemaji wa Kiswahili wanaoijua Biwi, mtaa ulio upande wa mji mkongwe wa Lilongwe, na kwa ndugu zao walioko Dzaleka wilayani Dowa, kuna swali la pili: je, wao wamo katika hesabu hiyo?

Wachumi hutazama faida ya mradi wa fleti kwa hatua tatu. Kwanza ni fedha zinazolipwa moja kwa moja kwa mafundi, vibarua na wasimamizi. Pili ni mauzo ya watoaji wa mchanga, kokoto, mbao na usafiri. Tatu ni matumizi ya hao wote waliolipwa: unga, nauli, kodi ya chumba, ada ya shule. Wazo la fedha kuzunguka na kuzaa pato jingine lilipewa sura ya hesabu na Richard Kahn mwaka 1931, kisha likaenezwa na mwalimu wake, John Maynard Keynes.

Tatizo ni kwamba fedha huvuja. Malawi haina bandari ya bahari. Vifaa vingi vya ghorofa, kuanzia lifti hadi vigae na nyaya, hununuliwa nje na kupitishwa Beira, Nacala au Dar es Salaam. Chukua mfano wa kubuni. Kati ya kila kwacha 100 za ujenzi, 40 zinawafikia watu wa Lilongwe na 60 zinatoka. Waliopata 40 wakitumia asilimia 40 ya pato lao papo hapo mjini, zinazunguka 16, kisha 6 na ushei, kisha 2 na ushei, hadi jumla ikakaribia kwacha 67. Kwa hiyo anayetangaza kwamba kila kwacha 100 za mradi zitauletea mji 250 anapaswa kuulizwa nondo zake zimenunuliwa wapi.

Muda nao hubadili picha. Nchini Marekani, makadirio ya mwaka 2015 ya chama cha wajenzi wa nyumba, NAHB, yalionyesha kuwa fleti 100 za kupangisha huleta ajira 161 za eneo husika katika mwaka wa ujenzi, lakini 44 tu kwa kila mwaka unaofuata. Inafaa kukumbuka kwamba waliopiga hesabu hiyo ni wajenzi wenyewe. Hata hivyo tofauti ya namba hizo mbili inaeleweka popote: mpiga zege huondoka, hubaki mlinzi, msafishaji na fundi bomba.

Hasara hazina budi kutolewa pia. Fleti 644 za Magomeni Kota jijini Dar es Salaam, zilizozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Machi 2022, zilikusudiwa familia 644 zilizokuwa zikiishi pale kabla ya nyumba za zamani kubomolewa. Mahali kama hapo, wapangaji wanaorudi hawawezi kuhesabiwa kuwa wateja wapya wa maduka ya jirani. Nchini Kenya, Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya mwaka 2024 humkata mfanyakazi asilimia 1.5 ya mshahara, na mwajiri huchangia kiasi hicho hicho. Ajira zinazotangazwa lazima zilinganishwe na ununuzi ambao makato hayo yameuzuia kwingineko.

Ugumu mkubwa zaidi ni kuwahesabu wasioandikwa. Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi mwaka 1987 iliweka masharti, yakiwamo ya ajira na uhuru wa kutembea. Dzaleka, iliyofunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza, ilipangiwa watu wapatao 10,000 na sasa ina zaidi ya 50,000. Machi 2023 serikali iliwaagiza wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini na vijijini warejee kambini ifikapo Aprili 15. Muuza duka akihamishwa, hupotea pia kodi aliyomlipa mwenye nyumba na bidhaa alizonunua kwa wauzaji wa jumla Lilongwe. Utafiti unaotegemea leseni za biashara na karatasi za mishahara pekee hauoni chochote kati ya hayo.

Ndiyo maana kipimo cha kuaminika huanza kabla ya msingi kuchimbwa. Mpimaji hupita nyumba kwa nyumba na kuandika kodi ya kila chumba, idadi ya wapangaji na mauzo ya magenge, awe mwenyeji au mgeni anayemjibu. Mkandarasi naye hutakiwa kuonyesha kila mwezi makazi ya waliolipwa, si majina ya kampuni tu. Maswali yale yale hurudiwa mwaka mmoja baada ya wapangaji kuingia, katika mtaa wenye ghorofa na katika mtaa mwingine unaofanana nao usio na mradi, kwani kodi hupanda pia kwa sababu ya kushuka kwa thamani ya kwacha. Waliokwisha kuhama nao hutafutwa huko walikokwenda.