Kuta za Vyumba vya Ndani: Historia ya Rangi na Majina Yake katika Uvira na Mwambao wa Kaskazini wa Ziwa Tanganyika

1.0 Utangulizi

Tarehe 16 na 17 Aprili 2020 mvua kubwa ilinyesha mjini Uvira; mto Mulongwe ukafurika, ukabomoa maelfu ya nyumba na kuua makumi ya watu. Nyumba ya mama mkubwa wa mwandishi wa makala haya ilisalimika, lakini tope liliingia ndani na kuacha ukutani alama iliyofika kiunoni. Miezi kadhaa baadaye aliitwa fundi ili apake upya vyumba vitatu vinavyopakana: chumba cha mwenye nyumba, chumba cha wajukuu, na bafu lililo kati yao. Fundi aliuliza, "Mama, tupake rangi gani?" Akajibiwa mara moja: "Changu cheupe, cha watoto cha kijani, bafu la buluu." Fundi akasita. Alisema kwamba milango ikiwa wazi mtu ataviona vyumba vyote kwa mara moja, na rangi hizo zitagombana.

Makala haya yanatokana na mabishano hayo. Tunakusudia kuonyesha kwamba jibu la mama huyu lina matabaka matatu ya sarufi, na kwamba matabaka hayo yanakwenda sambamba na vipindi vitatu vya historia ya ukuta katika mwambao wetu. Aidha tutaonyesha kwamba suala la kupatanisha rangi za vyumba vya jirani, ambalo wengi hulidhani kuwa ni anasa iliyoletwa na wageni, lilikwisha kupata jibu katika nyumba ya Waswahili tangu zamani.

2.0 Sarufi ya jibu moja

Maneno matatu ya jibu hilo hayafuati kanuni moja. Cheupe ni kivumishi halisi: mzizi -eupe huchukua kiambishi cha ngeli ya nomino, ndiyo maana twasema chumba cheupe, ukuta mweupe, kuta nyeupe. Kiswahili kina mizizi mitatu tu ya rangi ya namna hii, yaani -eupe, -eusi na -ekundu. Kijani hakikubali upatanisho huo. Ni nomino iliyotokana na jani, nayo huhitaji -a unganifu: chumba cha kijani. Kundi lake ni kubwa: kijivu kutokana na jivu, kahawia kutokana na kahawa, manjano ambayo ni kiungo cha mchuzi, zambarau ambalo ni tunda, na damu ya mzee ambayo ni nyekundu iliyokolea hadi kuukaribia weusi. Buluu nayo hutumia -a unganifu, lakini neno lenyewe limekopwa kutoka Kiingereza, na kwetu Kongo limetiwa nguvu na Kifaransa. Hata samawati, tunalolihesabu kuwa fasaha zaidi, lina asili ya Kiarabu.

Hatudai kwamba ukuta ndio ulioumba maneno. Berlin na Kay, katika kitabu chao cha mwaka 1969 kilichochunguza lugha ishirini, Kiswahili kikiwa mojawapo, walieleza kwamba lugha zenye majina machache ya msingi ya rangi aghalabu huwa na hayo matatu: nyeupe, nyeusi na nyekundu. Tunachodai ni kidogo zaidi, lakini kina uzito wake: ukuta wa nyumba ulipokea rangi kwa mfuatano ule ule ambao lugha inaudhihirisha.

3.0 Udongo, chokaa na weupe

Tabaka la kwanza ni la udongo. Nyumba za mwambao huu zilijengwa kwa miti, matete, nyasi na udongo, na ukuta wa udongo una rangi yake tayari. Aliyetaka kuupamba alitumia alichokiokota: udongo mwekundu, masizi na makaa, au ule udongo mweupe ambao katika lugha nyingi za Kongo huitwa pemba au kwa jina linalofanana nalo. Hapa rangi zote hutoka katika ardhi moja, kwa hiyo ni vigumu zigombane.

Tabaka la pili lilikuja na misafara. Burton na Speke walipofika Ujiji Februari 1858, kisha Uvira Aprili mwaka huo huo, waliwakuta wafanyabiashara wa Kiarabu na wa Kiswahili wamekwisha kutangulia. Livingstone na Stanley nao walisafiri kutoka Ujiji hadi mlango wa Ruzizi mwezi wa Novemba 1871. Wafanyabiashara hao walikuwa na kumbukumbu ya nyumba nyeupe za pwani, lakini Ujiji walijenga tembe za udongo zenye baraza mbele. Chokaa ya pwani ilipatikana kwa kuchoma matumbawe, na ziwa letu la maji baridi halina matumbawe. Basi weupe wa pwani haukuweza kuhamishwa kama ulivyo. Kilichohamia ni mpango wa nyumba: baraza kwa wageni, vyumba vya ndani kwa watu wa nyumbani, na ua.

Inafaa tuutazame mpango huo ulikokamilika. Katika nyumba za mawe za Lamu vyumba hufuatana: msana wa tini, msana wa juu, kisha ndani, na choo kimepakana na vyumba hivyo, hakikutengwa mbali. Kila chumba kimeinuliwa kidogo kuliko kilichotangulia, na mwanga huingia kutoka uani tu, hivyo hupungua kadiri mtu anavyozidi kwenda ndani. Wajenzi hawakuvipaka vyumba hivyo rangi mbalimbali. Walitumia weupe mmoja wa lipu ya chokaa, wakauachia mwanga kazi ya kuvitofautisha. Chumba cha mbele kilionekana cheupe cha kung'aa, cha ndani cheupe cha kivuli. Chooni weupe huo ulikuwa na faida nyingine, kwa kuwa chokaa mbichi kwa ukali wake huua vijidudu vingi. Birika la maji nalo liliwekwa samaki wadogo ili wale viluwiluwi vya mbu. Kwa hiyo uzuri na usafi havikuwa mambo mawili.

4.0 Rangi ya kopo

Tabaka la tatu ni la viwanda. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1820 wakemia wa Ufaransa na Ujerumani walijua kutengeneza buluu ambayo hapo kabla ilisagwa kutoka jiwe la thamani. Buluu hiyo ndiyo iliyoenea duniani kama unga wa kufulia nguo nyeupe. Ina sifa moja muhimu kwa mpaka rangi, nayo ni kwamba haiharibiwi na ukali wa chokaa. Kijiko kimoja ndani ya ndoo ya chokaa chatosha kuupa ukuta rangi ya mbingu.

Wakati wa ukoloni wa Kibelgiji nyumba za maofisa zilikuwa na bafu ndani, ilhali katika mitaa ya wenyeji choo na mahali pa kuogea vilibaki uani. Bafu lilipoingia polepole ndani ya nyumba zetu, liliingia pamoja na saruji, rangi ya mafuta na majina ya kigeni. Ndiyo sababu katika jibu la mama neno la kukopwa liliangukia bafuni.

5.0 Rangi kugombana na kupatana

Hofu ya fundi ina msingi. Mkemia Mfaransa Chevreul, aliyesimamia utiaji rangi katika karakana za mazulia za Gobelins mjini Paris, aliletewa malalamiko kwamba nyeusi yake ilikuwa dhaifu. Akagundua kwamba nyeusi haikuwa na kasoro. Ilidhoofishwa machoni na rangi zilizokuwa kando yake. Alichapisha kanuni zake mwaka 1839.

Fundi wetu hakumsoma Chevreul, lakini alipata njia. Alinunua nyeupe ya aina moja kwa vyumba vyote. Chumba cha kwanza alikipaka hiyo peke yake. Katika ndoo ya pili akatia kijani kidogo, katika ya tatu buluu kidogo. Kisha sehemu ya chini ya kuta akaipaka damu ya mzee katika vyumba vyote vitatu, kuanzia sakafuni hadi ile alama ya tope. Mama akatazama, akasema, "Sawa, mwanangu."

6.0 Hitimisho

Tumeona kwamba njia ya fundi ni ile ile ya Lamu: weupe mmoja uliotangulia, na tofauti ndogo juu yake. Hakufundishwa shuleni, wala hatuna kitabu kinachoieleza kwa Kiswahili. Mwaka 2024 ziwa lenyewe lilipanda na kuingia katika nyumba nyingi za mwambao. Kuta zinazoanguka haziondoki peke yake. Huondoka pia maneno ya wale waliozipaka, na nafasi yao huchukuliwa na majina yaliyochapwa juu ya makopo. Tunawasihi wanafunzi wanaotafuta mada za tasnifu wakae na mafundi wa Uvira, Baraka na Bujumbura, wawaulize wanaitaje kila rangi na wanaichanganyaje. Kazi hiyo haihitaji safari ya mbali. Inahitaji kufanywa kabla ya mvua nyingine.